Kihisi mwanga cha saa janja: kabla ya kulaumu saa, angalia protekta

Saa hii ya skrini ya OLED nimeivaa miezi minne, mwangaza ukiwa kwenye otomatiki. Kihisi mwanga chake, kinachoiambia skrini ing'ae au ififie, ni kizuri sana. Kilichokivurugia kazi ni protekta ya kioo yenye ukingo mweusi iliyobandikwa kwenye duka moja la barabara ya Luthuli, Nairobi.

Kihisi ni fotodayodi ndogo chini ya kioo. Mwanga ukiipiga hutoa mkondo hafifu wa umeme, mkondo unageuzwa namba, na programu inazisoma kama luksi, yaani kipimo cha mwanga. Ofisini ni luksi 300 hadi 500 hivi. Uhuru Park saa sita mchana jua likiwaka, hukaribia 100,000. Stima yetu ni ya hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa hufifia mara mbili, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kihisi hulazimika kukusanya mwanga kwa muda kidogo ili kupata wastani. Ukishuka kwenye matatu yenye vioo vyeusi, skrini hung'aa baada ya sekunde moja, lakini kufifia huchukua tano au sita. Ni makusudi: ingefuata kila kivuli cha mti, ingekuchosha macho.

Protekta ile ilifunika kihisi, saa ikaamini iko gizani. Juani sikuweza kusoma hata saa ngapi. Kukipata kihisi, ingia chumba chenye giza, mulika kioo kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Utaona kidoa cha zambarau kwenye ukingo, kidogo kama punje ya mtama. (Taa za kijani za mgongoni ni za mapigo ya moyo, usizichanganye.) Saa nyingine hukificha nyuma ya skrini yenyewe, nako huwezi kukiona.

Kizibe kidoa kwa kidole sekunde kumi, kisha ukimulike. Usitumie kiganja, maana saa nyingi zikifunikwa hivyo huzima skrini. Mwangaza usipobadilika, ipashe protekta moto kidogo kwa draya, inyanyue pembeni kwa kadi ya plastiki, ufute gundi na jasho, urudie.

Sasa nimeweka protekta laini isiyo na ukingo. Mwezi wa Julai mkono wa jaketi bado hukiziba, lakini ukiuvuta skrini huamka. Nilipokuwa nikipandisha mwangaza mwenyewe hadi mwisho, chaji iliisha jioni ya siku ya pili. Siku hizi inafika asubuhi ya siku ya nne.