"Kuku wako wameuana wenyewe kwa wenyewe, mama"

Hilo ndilo jibu nililopewa na aliyeniuzia banda. Kuku saba, amebaki tetea mmoja. Wengine wamelala sakafuni, vichwa hakuna, halafu mtu mzima ananiambia kwenye simu kwamba wameuana. Najua kuku hudonoana wakibanana, nimewafuga muda sasa. Lakini kuku gani anakata kichwa cha mwenzake?

Banda nililinunua miezi kadhaa iliyopita, likaja limeshaundwa, mbao safi, nikalisifu kwa kila jirani. Siku ya kununua niliuliza habari za wanyama, muuzaji akacheka: "Kwani unafuga kuku au unafunga wafungwa?" Nikacheka naye. Mjinga mimi.

Asubuhi ile nilipiga magoti nikalizunguka taratibu. Mlango umefungwa, komeo mahali pake. Nyuma, chini kabisa, wavu umeachana na ubao. Ulikuwa umeshikizwa kwa vipini vyembamba kama vya kubania karatasi! Upenyo wenyewe vidole vitatu. Utasema apite nani hapo? Kicheche anapita. Kichwa kikishaingia, mwili unafuata. Na akiwa ndani hachukui mmoja akaenda zake. Kadiri kuku wanavyopiga mabawa na kuhangaika ndivyo anavyozidi kuua, hata asioweza kuwala.

Kumbe ule wavu laini wa matundu ya pembe sita, tunaouita wavu wa kuku, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Adui hauzuii. Mbwa anaurarua, panya anapita bila hodi. Nimeung'oa wote. Nimeweka wavu mgumu wa kuchomelewa, matundu ya nusu inchi, nikaukaza kwa skrubu na washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu. Kipande kingine cha upana wa kama sentimita 30 nimekilaza chini kuzunguka banda na kukifunika kwa udongo. Mnyama anayechimba huanzia pale ukuta unapogusa ardhi. Akikwaruza anakutana na chuma, na hajui kwamba angerudi nyuma hatua mbili angefanikiwa. Komeo nalo nimeliongezea kufuli, ingawa halikuwa na kosa. Hasira tu.

Tangu hapo naona alama za kucha kwenye udongo na hakuna zaidi. Kwa hiyo niseme haki: paa halivuji hata mvua ya upepo, mbao hazijapinda, kusafisha ni rahisi. Nilishaamua kutoa nyota tatu.

Kabla sijaandika nikamtumia muuzaji picha, kwa upole kabisa, nikimshauri abadilishe vile vipini kwa ajili ya wateja wengine. Akajibu: "Si umesharekebisha, mama? Sasa shida iko wapi?"

Shida iko wapi! Nyota moja. Na hiyo moja ni ya paa, si yake.

Jirani yangu bado anataka kununua banda kama hili. Nilimwambia asithubutu. Jana kaniuliza tena, nikajikuta namwambia achukue, ila wavu amwachie muuzaji akaanikie dagaa. Sijui kesho nitamwambia nini, maana yule tetea aliyebaki hataki hata kulikaribia. Analala juu ya mti, na kila jioni mimi na ngazi.