Protoni ya India au linaki ya Nairobi? Uzoefu wangu na saratani ya tezi dume

Nianze na jibu, maana mwenye ripoti ya biopsi mkononi hana subira ya hadithi. Saratani yangu ilikuwa bado ndani ya tezi dume. Nilishawishiwa sana niende India kwa mionzi ya protoni, yaani ya chembe ndogo za atomu, sikwenda, nikachomwa kwa linaki ya kawaida, mashine ya mionzi ya eksirei, hapa hapa Nairobi, na sijutii. Ila kwenye benchi la kusubiri nilikutana na mtoto ambaye, angekuwa mjukuu wangu, ningeuza chochote apate hiyo protoni.

Ushawishi ulianzia kwa kijana wangu aliyeko Marekani. Hospitali ya Loma Linda kule California imekuwa ikitibu kwa protoni tangu 1990, na wazee wengi wa tezi dume wamepita pale. Kila anayetoka anakuwa mhubiri. Mwanangu akanitafutia wakala wa matibabu ya ng'ambo mwenye ofisi Westlands. Chai nilipewa, tena ya maziwa. Nikaonyeshwa picha za kituo cha Apollo cha Chennai, kilichofunguliwa 2019, cha kwanza cha protoni Asia Kusini. Kisha makadirio: mamilioni ya shilingi, kabla ya nauli na kodi ya chumba kwangu na kwa mtu wa kunisindikiza. Ploti yangu ya Kitengela ingeondoka yote. Lakini si bei iliyonikera. Yule wakala aliuliza pasipoti yangu inaisha lini kabla ya kuuliza PSA yangu, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ni ngapi. Alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani, hakuigusa kabisa.

Daktari wangu wa mionzi, kinyume na nilivyotarajia, hakuiponda protoni. "Mzee," akasema, "eksirei ni matatu inayoshusha watu kila steji mpaka mwisho wa laini. Protoni inashusha karibu wote steji moja, halafu inazima injini." Yaani eksirei hupita kwenye uvimbe na kutokea upande wa pili, ikiacha dozi njia nzima. Protoni husimama ndani ya mwili, na kina cha kusimama hupangwa kwa nguvu ambayo mashine imeipa.

Kama ni hivyo, nikamuuliza, kwa nini nisiende? Akanieleza kwamba tezi dume haitulii. Kibofu kikijaa inasogea. Gesi ikiingia puruni, mwisho wa utumbo mkubwa, inasogea. Kwa hiyo hata mtu wa protoni lazima aongeze ukingo wa usalama kuizunguka tezi, na ukingo huo unagusa ukuta wa puru vilevile. Linaki za siku hizi nazo si zile za zamani: zinapiga picha kabla ya mionzi na kulifinyanga umbo la mwale zikiwa zinakuzunguka.

Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, maneno matupu hayanitoshi. Alichonishindia ni utafiti wa Marekani uitwao PARTIQoL. Wanaume 450 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine protoni, wengine mionzi ya kisasa ya eksirei. Matokeo yalipotolewa 2024, pande zote mbili zilikuwa sawa: sawa kwenye matatizo ya choo, sawa kwenye kuidhibiti saratani. Akaniongezea mwingine, CHHiP wa Uingereza, wenye wanaume zaidi ya 3,000, ulioonyesha kwamba vipindi 20 vyenye dozi kubwa kidogo kila kimoja vinafanya kazi sawa na vipindi 37. Hapo nikasema tuanze.

Sasa huduma yenyewe. Mionzi haiumi, unalala, mashine inazunguka, dakika chache umetoka. Taabu ni kibofu. Lazima kiwe kimejaa, tena kijae kwa kiasi kile kile kila siku, ili kisukume utumbo mbali. Wewe jaribu kunywa maji kwa saa halafu ukwame Thika Road, mvua inanyesha, kondakta anabishana na askari. Nilijifunza kuyanywea hospitalini. Wale vijana wa mashine walikuwa na adabu kuliko nilivyozoea: "Babu, umekunywa? Babu, umeenda haja kubwa?" Ukijibu hapana, unarudishwa benchini bila kuonewa haya. Aibu inaisha wiki ya kwanza.

Foleni ndiyo inayoharibu. Mashine iligoma katikati ya matibabu na hakuna aliyetutumia hata ujumbe. Watu waliotoka Machakos alfajiri waliambiwa mlangoni warudi kesho. Hilo halihitaji teknolojia ya India kulirekebisha.

Madhara: mkojo wa moto, kuamka usiku mara kwa mara, kuharisha kidogo, na uchovu wa mchana. Mengi yameisha. Sindano za homoni ndizo zilizonitesa zaidi, joto linakupanda ghafla mpaka unavua sweta kanisani. Mke wangu alicheka sana. "Karibu," akaniambia.

Yule mtoto. Alikuwa mvulana wa chekechea, ameshapasuliwa uvimbe wa ubongo uitwao meduloblastoma. Ugonjwa huu hutaka ubongo wote na uti wa mgongo wote vichomwe, si mahali pamoja. Kwa eksirei, mwale unaoingia mgongoni hutokea mbele, kupitia moyo, mapafu, matumbo na koromeo, kwenye mwili ambao bado unakua na una miaka mingi ya kuishi na madhara hayo, ikiwemo hatari ya saratani nyingine baadaye. Protoni inaishia kwenye uti. Hapa ndipo ile hoja ya steji inapolipa. Wengine wanaonufaika, nilivyoelezwa, ni wenye uvimbe uliobana chini ya fuvu karibu na shina la ubongo, baadhi ya saratani za jicho, na baadhi ya waliowahi kuchomwa sehemu ile ile. Saratani iliyokwisha kusambaa mwilini, kwa kawaida protoni haina la ziada.

Mama yake alikuwa anahangaikia barua ya rufaa kutoka KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, visa na michango ya harambee kwa wakati mmoja. Kilichokuwa kinamtisha ni kalenda: mionzi ya ugonjwa huo hutakiwa kuanza ndani ya wiki kama saba tangu upasuaji, na mtoto mdogo huhitaji nusukaputi kila kipindi ili asitikisike, kwa hiyo si kila kituo kinampokea mara moja. Daktari alikuwa amemwandikia tarehe kwenye faili kwa wino mwekundu. Barua isipotoka kufikia siku hiyo, alimwambia, tunaanza na linaki ya hapa, kwa sababu kuchelewa kunamuumiza zaidi kuliko eksirei.