Uzoefu wangu na Pimsleur ya Kichina kwa anayefata mzigo Guangzhou

Wakuu, naulizwa sana dukani kuhusu Kichina, watu wananikuta naongea na Mchina anayetuletea zipu hapa Kariakoo wanadhani nimekaa China miaka. Sijakaa, naenda Guangzhou kufata mabegi narudi, basi. Nilichotumia ni Pimsleur, ile programu ya masomo ya sauti, baadae nikaongezea mwalimu wa mtandaoni, na nawapa uzoefu wangu bila chumvi maana matangazo ya "ongea Kichina kwa siku 10" yamezidi na watu wanaliwa hela.

Hilo la haraka tulimalize kwanza. Foreign Service Institute, ile shule ya serikali ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia wao, inakadiria masaa 2,200 ya darasani mpaka mtu wa Kiingereza afike kiwango cha kufanyia kazi Kichina, wamekiweka kundi gumu kabisa pamoja na Kiarabu, Kijapani na Kikorea. Na hao wanasoma huku wanalipwa mshahara, wewe una duka na marejesho. Kwahiyo mtu akikwambia utaongea haraka muulize kuongea nini. Kubishana siasa na mzee wa Kichina, sahau. Kuulizia bei, kuuliza kama rangi nyeusi ipo, kumwambia mtu hii zipu mbovu nibadilishie, hayo kwa miezi kadhaa yanawezekana kabisa hata kama una miaka arobaini na kitu kama mimi.

Sasa Pimsleur yenyewe. Kila levo ina masomo 30 na kila somo ni nusu saa, huandiki chochote, unasikiliza na kujibu kwa mdomo. Somo la kwanza kabisa unafundishwa kumuuliza mtu kama anaongea Kiingereza, na neno wanalivunja kuanzia nyuma, yani kama ni Yingwen (Kiingereza) wanaanza na wen, unarudia wen, afu ying, afu ndo Yingwen yote. Mara ya kwanza niliona utoto, ila mdomo ndo unavokaa sawa. Afu ukishajibu wanahamia kitu kingine, wanaleta sentensi ngeni, ukiwa umeshalisahau lile neno jamaa anakurushia swali ambalo jibu lake ndo lilelile. Huyu Paul Pimsleur mwenye jina alikuwa profesa wa lugha huko Marekani, mwaka 1967 akaandika mpangilio wake wa kukumbusha neno, unaanza sekunde 5, kisha 25, kisha dakika 2, dakika 10, lisaa, unaendelea kutanuka mpaka miezi. Ukisikiliza kwa makini unausikia kabisa mchezo wao. Mimi nilikuwa nasoma kwenye mwendokasi asubuhi toka Kimara, umebanwa huna pa kushika na unanong'ona Kichina, abiria wanakuangalia wanasogea kidogo, ambayo kwenye mwendokasi ni faida.

Toni ndo zinaua wengi. Kichina kina toni nne na moja nyepesi, Kiswahili hakina kitu kama hicho, ila kwa maoni yangu Mchaga, Mhaya au Msukuma anayeongea kwao vizuri ana afadhali kuliko mtoto wa mjini maana sikio lake lishazoea sauti kupanda na kushuka kubadili maana. Kusoma tu kwenye maandishi hakukusaidii hapo, na ndo sababu naisifia njia ya kusikiliza.

Ila ujue imetengenezwa kwa ajili ya nani. Maelezo yote ni Kiingereza, Kichina cha kupitia Kiswahili hakuna, hivo kama Kiingereza chako cha kuungaunga utakuwa unatafsiri mara mbili na muda wa kujibu unakwisha. Afu mazungumzo ni ya mgeni wa heshima, ungependa kunywa kitu, barabara fulani iko wapi, hakuna katoni wala zipu wala "nipe sampo kwanza". Na lafudhi ni ya Beijing, ile ya kukunja r mwishoni, watu wa Guangzhou hawana mambo hayo, wakikuongelesha kwa spidi unajiuliza kama hii ndo lugha uliyolipia.

Mfano mzuri ni namba. Nne ni si, inashuka. Kumi ni shi, inapanda. Kwenye somo zinatofautiana vizuri tu, nenda sasa kule kwenye masoko ya mabegi karibu na stesheni ya treni, wauzaji wengi wa kusini hiyo sh hawaitoi, yote yanakuwa si. Sasa 14 (shi-si), 40 (si-shi) na 44 (si-shi-si) zinasikika karibu sawa, na hiyo ni bei ya begi moja ambayo unaenda kuizidisha mara mia tatu! Kinachokuokoa ni toni, au mkono. Wachina wanahesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja, gumba na kidole cha mwisho juu ni sita, gumba na shahada kama bastola ni nane, kumi wengine wanafunga ngumi na wengine wanakutanisha vidole viwili kama msalaba. Hakuna somo la sauti litakuonyesha hilo. Na kalkuleta bado ipo mezani, usione aibu, hata wenyewe wanaiandikia.

Kilichoniongezea spidi kweli ni italki, unachagua mwalimu unamlipa kwa saa mnaongea kwa video. Nilichukua mdada wa Guangzhou asiye na cheti cha ualimu, hao ni nafuu, nikamwambia sitaki kitabu, wewe ni muuza mabegi mimi mteja, twende. Ananitajia bei, nalalamika, anakataa kushusha, namuuliza nikichukua katoni kumi je. Sentensi zilezile kila wiki mpaka zinatoka bila kufikiria. Nikawa namtumia sauti za WeChat, ile app ya kuchati ya Wachina, ananisahihisha. Kama bajeti yako inaruhusu kimoja tu, mimi ningesema maliza levo ya kwanza ya Pimsleur, usinunue ya pili, hiyo hela mpe mwalimu.

Kuna kituo kimoja hapa mjini jina tuache, nililipa muhula mzima tunaandika herufi tu kwenye madaftari ya vibox, mdomo haufunguliwi. Kama unataka herufi, mtihani wa HSK (ule wa kupima kiwango chako cha Kichina) au skolashipu, hapo Chuo Kikuu cha Dar kuna Taasisi ya Confucius toka 2013, nenda huko. Kwa biashara sio lazima.

Na msije mkadhani mkiongea Kichina bei inaporomoka. Bei inashushwa na idadi unayochukua. Ninachopata ni kwamba wananiambia vitu, kwamba hii ngozi sio ngozi, kwamba mzigo mpya unaingia alhamisi, mara ananipeleka stoo ya nyuma ambako mwenye simu ya kutafsiri hapelekwi maana inachosha kuongea na simu kwenye kelele zile.

Kwa malipo, somo la kwanza ni bure, ukiendelea unalipia kwa dola, kadi ya Visa ya M-Pesa kwangu ilikubali. Masomo shusha kabisa ukiwa na WiFi afu sikiliza bila bando, na kabla hujapanda ndege hakikisha yote yapo kwenye simu maana China huduma za Google hazifunguki, WeChat nayo ifungue ukiwa bado huku, mara nyingi inahitaji mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe na ukifika kule hoteli hujui mtu utahangaika.