Kung'arisha au kupiga rangi upya: boneti yangu iliharibiwa na fundi aliyekataa kupima

Boneti ilipelekwa kung'arishwa, sasa ina doa jeupe la ukubwa wa kiganja, kingo zake zinabanduka kama ganda la kitunguu. Na hasira yangu haitokani na doa lenyewe. Kabla mashine haijawashwa nilimwomba fundi kitu kimoja tu: apime unene wa rangi. Kipimo kilikuwa pale mezani, kidogo kama simu. Akanijibu, "Bosi, umekuja kufanyiwa kazi au umekuja kufundisha?"

Kupima kunachukua dakika tano kwa gari zima. Rangi ya kiwandani ina matabaka: kinga ya kutu chini kabisa, praima, rangi yenyewe, halafu klia, tabaka angavu lisilo na rangi, juu. Yote kwa jumla mara nyingi ni mikroni (elfu moja ya milimita) 100 hadi 150, na klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina kama mikroni 100, kwa hiyo kinga yote ya rangi yako dhidi ya jua ni nusu ya karatasi. Polishi laini kwa sponji inakula mikroni moja au mbili. Kampaundi, ile dawa ya kusugulia yenye chembe kali, kwa pedi ya sufu inaweza kula tatu, nne, tano. Boneti iliyokwisha kung'arishwa mara kadhaa na wenye gari waliotangulia haina akiba ya kuchezea, na jicho halioni hilo.

Kipimo cha kawaida kinatoa jumla ya matabaka yote, hakitengi klia, ndiyo maana lazima ulinganishe paneli na paneli. Milango ikisoma 120 na boneti 85, boneti hiyo ina uwezekano mkubwa wa kuwa imeshasuguliwa sana. Ikisoma 250, yaelekea ilipigwa rangi tena. Ikipita 500, shuku puti, ile ya kuzibia mabonde ya bati, chini yake. Kwenye bampa ya plastiki kipimo hiki hakisomi kitu, na boneti ya alumini inahitaji kinachosoma metali zisizovutwa na sumaku.

Haya, tuseme hana kipimo. Maji anayo. Lowesha sehemu iliyofifia. Ufifi ukipotea ikiwa imelowa na kurudi ikikauka, tatizo liko juu juu, mikwaruzo midogo na rangi iliyochakaa kwa jua, na polishi ina kazi ya kufanya hapo. Mpaka wa doa ukibaki unaonekana hata ndani ya maji, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye ukingo, klia imeshaachia na hakuna polishi duniani itakayoirudisha, kwa sababu unachotaka kuking'arisha hakipo. Boneti yangu ilikuwa na kidoa cha namna hiyo karibu na kioo cha mbele, kidogo kama kucha ya kidole gumba. Nilikionyesha kwa kidole. Akasema mashine itakichukua.

Mashine ilikichukua kweli, pamoja na klia ya pembeni yake. Ilikuwa ile ya kuzunguka moja kwa moja, pedi ya sufu, kampaundi kali, mwendo wa juu, ikilalia ule mkunjo wa boneti. Penye mkunjo na ukingo rangi huwa nyembamba, maana ikiwa bado mbichi inajivuta na kuukimbia ukingo. Fundi makini hubandika tepu ya karatasi kwenye kila mkunjo kabla ya kuanza, anaanza na pedi laini na polishi hafifu kwenye mraba mdogo wa majaribio, na anaongeza ukali pale tu matokeo yanapodai. Anagusa bati kila baada ya mipito michache: kiganja kikishindwa kutulia pale, joto limezidi. Pale hapakuwa na tepu hata moja.

Siku ya kulichukua gari, boneti iliwaka kama kioo, na kama ningeandika siku hiyo ningemsifu. Baada ya kuosha mara mbili tatu mng'ao ukaondoka na doa likatokea. Alikuwa amepaka mafuta ya silikoni kuficha. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu silikoni ni sumu ya rangi mpya. Ukipuliza rangi juu yake inajikusanya na kuacha vishimo vya duara vinavyoitwa macho ya samaki. Inabidi kuosha kwa sabuni, kisha kufuta kwa kiondoa mafuta, kitambaa kimoja kilicholowa na kingine kikavu kikifuata papo hapo, na yote hayo KABLA ya msasa. Ukianza na msasa unaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo.

Niliporudi kulalamika, suluhisho lake lilikuwa kupuliza klia mpya juu ya boneti ilivyo. Tafadhali msikubali hilo kwa fundi yeyote. Klia mpya inashika ile ya zamani, ya zamani haijashika kitu, zinabanduka pamoja. Na ukingo wa doa unaonekana chini yake kama ramani.

Njia sahihi ni kusugua hadi tabaka lililoshika imara, kulainisha kingo mpaka ukucha usihisi ngazi, praima, kisha msasa namba 400 au 500 mkavu (600 hadi 800 kwa maji), ndipo rangi mikono miwili hadi mitatu, ukisubiri kila mkono ufifie kabla ya unaofuata, kwa kawaida dakika 10 hadi 15. Halafu klia mikono miwili, ikichanganywa na hadena (dawa ya kuigandisha) kwa kipimo cha mtengenezaji, si kwa kukadiria. Hadena hizo zina isosayaneti, kemikali inayoharibu mapafu, na barakoa ya karatasi haizuii chochote. Klia ifunike paneli nzima, isiishie katikati, maana ule mpaka utakuja kubanduka. Rangi yenye chembe za metali itandazwe kidogo kwenye fenda za jirani ili tofauti isionekane. Namba ya rangi iko kwenye kibati au stika ya gari, ila gari limeshapigwa jua miaka, kwa hiyo pulizia kwanza kwenye kadi ulinganishe nje, mchana.

Magari ya zamani yasiyo na klia ni habari nyingine. Sugua kwa polishi na kitambaa cheupe (cheusi kama gari ni jeupe). Kitambaa kikichukua rangi ya gari, unashika rangi yenyewe. Ile iliyogeuka vumbi kama chaki hurudi vizuri ajabu kwa kung'arishwa taratibu, na kulipiga rangi upya gari la namna hiyo likiwa bado na unene wa kutosha ni kulipotezea rangi yake ya asili bure.

Sasa nifanye haki, ingawa sipendi. Milango minne ilitoka safi. Mikwaruzo ya kuoshea imekwisha, rangi ina kina, na mpaka leo baada ya kuoshwa mara nyingi bado iko hivyo, kwa hiyo pale haikuwa silikoni, ilikuwa kazi. Mkono anao. Nilikuwa nimeandika "msiende kabisa", nimefuta. Milango na fenda zenye klia nzima, angeweza kuzifanya. Boneti na paa, zinazokaa chini ya jua siku nzima na kufa kwanza, hapana, hapana, hapana, labda kipimo kikishikwa mbele yako na namba ukaziona mwenyewe.

Nyota moja ndiyo niliyotaka kutoa. Milango inanilazimisha ziwe mbili. Nne zingekuwa zake kama angenyoosha mkono tu hadi pale mezani.