Ziara ya uwanja wa vita Tanga: tumeuziwa nyuki

Naweka nyota moja, na hiyo moja nimeitoa kwa shingo upande. Kampuni siitaji, ila mkiona tangazo la "uwanja wa vita wa 1914, nusu siku, maji ya chupa bure" (ndiyo Vita Kuu ya Kwanza, Tanga ikiwa ya Mjerumani na Mwingereza akija kuiteka), someni hapa kwanza.

Noah kukosa kiyoyozi nimesamehe, na chai ya baridi nimesamehe. Nisichosamehe ni nyuki. Tangu tunaondoka mjini mpaka Ras Kasone na kurudi, mwongozaji hakuwa na wimbo mwingine: Waingereza walikuja, nyuki wakawavamia, wakakimbilia melini, basi. Nyuki walikuwepo, nani anabisha? Risasi zilitibua mizinga iliyokuwa mitini, na Wahindi wa kikosi cha 98, jeshi la Mwingereza, waliumwa vibaya. Lakini nyuki hao hao waliwauma na wa upande wa pili, hata bombomu (bunduki za rashasha) kadhaa za Mjerumani zikanyamaza. Sasa mdudu asiyechagua wa kumuuma amempaje mtu ushindi?

Nikauliza hivyo, tena kwa adabu. Akanigeukia mbele ya wageni: "Mama, kama unajua sana, basi tuongoze wewe."

Haya, naongoza.

Anza Ras Kasone. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Waingereza, Fox, iliingia bandarini, nahodha Caulfeild akamtaka mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, asalimishe mji, kisha akampa muda akafikirie. Muda! Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa upande wa Moshi, na reli ipo. Treni zikaanza kuteremsha kampuni za askari moja baada ya nyingine. Huku nyuma, kwa hofu ya mabomu ya majini ambayo wala hayakuwepo, Jenerali Aitken wa Waingereza akakwepa bandari akashusha watu wake Ras Kasone, penye mikoko na mwinuko. Alikuwa na kama 8,000, wengi wametoka Bombay na wameshinda baharini wiki kadhaa. Mambo haya huyaelewi ukiwa ndani ya gari. Shuka ufukweni, panda mwinuko kwa miguu, ndipo utajua mtu mwenye bunduki na mzigo alifika juu na hali gani. Sisi tuliambiwa tupige picha haraka, foleni ya chakula inatungoja.

Kisha tembea kuelekea mjini, hadi penye mkato wa reli, maana huko ndiko Wajerumani na askari wao, kama 1,000 tu, walikojipanga. Shambulio kubwa la tarehe 4 lilianza saa sita mchana, jua la utosi, watu wakipenya vichaka na mashamba ya mpira bila kuonana. Upande wa kulia wa Waingereza, kikosi chao cha Loyal North Lancashire na Wakashmiri waliingia mpaka mitaani. Kushoto, kikosi cha 101 cha Wahindi kikakutana na bombomu. Hapo Lettow akaitoa kampuni ya 13 aliyokuwa ameiweka akiba, ikazunguka ubavu, na mstari mzima ukafumuka kutoka kushoto kwenda kulia. Hiyo ndiyo sababu. Ubavu ulikuwa wazi.

Na kuna jambo ambalo yule bwana hakuligusa kabisa: jioni ile tarumbeta lilieleweka vibaya, askari wa Mjerumani wakarudi nyuma mpaka kambini Kange. Usiku ule Tanga ilikuwa karibu tupu! Aitken hakujua, na kesho yake akapakia watu wake melini akaacha pwani bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Kabla ya hapo askari wengi wa Mjerumani walikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, za baruti nyeusi, ukipiga moja tu moshi unakuanika ulipo. Kwa silaha hizo zilizoachwa pwani Lettow alizipatia kampuni tatu bunduki za kisasa. Hatimaye alisalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia), Novemba 1918. Ukiniuliza ziara hii iuze nini, ni shehena ile pale ufukweni, na wapagazi walioburuzwa miaka yote minne iliyofuata, ambao hawakutajwa hata mara moja.

Nikiandika hasira zinapanda, ningefuta hata hiyo nyota moja. Lakini dereva jamani! Kijana mpole, ndiye aliyetuonyesha tuta la reli lilipo, tena kwa kunong'ona bosi wake asisikie, na alisimamisha gari kila tulipoomba. Kwa ajili yake naongeza ya pili. Ukienda, mwombe yeye peke yake, mlipe mafuta na posho yake, toka saa kumi na mbili alfajiri kabla jua halijakolea, vaa viatu vilivyofunika vidole kwa sababu ya miiba, na huyo mwenye kipaza sauti mwache ofisini.