Mkutano wa injili au kikundi cha nyumbani?

Hapa Dodoma mikutano ya injili haikosekani, na namshukuru Mungu: wengi wetu tulimpokea Yesu uwanjani. Ila aliyezaliwa mara ya pili anahitaji kulelewa. Uwanjani unahubiriwa, unaombewa, unarudi zako Nkuhungu. Hakuna anayejua kama umemsamehe ndugu yako.

Kikundi cha nyumbani, yaani waumini wachache wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao kusoma Biblia na kuomba, hakina spika kubwa wala kwaya. Lakini pale mama mmoja atakuuliza, "Mwanangu, mbona wiki iliyopita hatukukuona?" Mnasoma sura nzima, unauliza usichoelewa, unaonywa kwa upendo. Waebrania 5:14 inasema chakula kigumu ni cha watu wazima, waliozoezwa kupambanua mema na mabaya. Zoezi hilo linataka watu wanaokujua.

Jirani asiyemjua Kristo mpeleke mkutanoni. Aliyekwisha kuokoka, ningemshauri kikundi kwanza.