Bastola ya .22 yenye hesi mdomoni: miaka miwili na adapta isiyotulia

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, uwanja wa shabaha nje ya Houston, mimi na shemeji yangu meza moja. Nilikuwa nimeshapiga risasi kama mia mbili za .22, bastola inakwenda vizuri, sailensa, lile bomba la kupunguza mlio, iko mdomoni. Risasi iliyofuata ikatoka na mlio nisiouzoea, kama mtu kagonga sufuria kwa kijiko. Nikatoa magazini, nikahakikisha chemba ni tupu, nikaweka bastola mezani na kuishika sailensa. Ikacheza mkononi kama jino bovu. Kwenye kifuniko chake cha mbele palikuwa na mchubuko mpya unaong'aa, na ukingo wa tundu umeliwa upande mmoja. Risasi ilikuwa imeukwangua wakati wa kutoka.

"Shemeji, si uliikaza asubuhi?"

"Niliikaza asubuhi, nikaikaza tena saa nne."

Hapo ndipo nilipoacha kujilaumu nikaanza kuichunguza bastola yenyewe.

Kazi yangu ni kukereza vyuma. Nilijifunzia chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, Dar es Salaam, na huku Texas nimeendelea na kazi ileile, ila sasa ni mashine za kompyuta, na ninachochonga ni viungo vya mabomba ya visima vya mafuta. Hesi, au thredi kama tulivyozoea kuziita gereji, ndizo zinazonilisha. Ninaandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu tulio Marekani tunaokwenda kulenga shabaha, hasa anayefikiria kununua bastola ndogo ya .22 kwa sababu tu tangazo linasema mtutu wake una hesi.

Niliinunua kwa ajili ya binti yangu. Ana miaka kumi na sita, alitaka kujifunza, na .22 ndiyo ya kuanzia: risasi zake ni bei nafuu, na teke lake halimtishi mtu. Kilichomsumbua ni mlio. Kila akikaribia kuvuta kifyatulio alifumba macho, na mtu akishazoea kufumba macho, kumwachisha ni kazi. Ndiyo maana nikataka sailensa. Sheria ya shirikisho ya 1934 inataka kila sailensa iandikishwe, na nilipochukua yangu ushuru ulikuwa bado dola 200. Tangu Januari 2026 ushuru huo umeshushwa hadi sifuri, lakini fomu na kibali bado vipo. Nilijaza, nikalipa, nikangoja. Risasi nikachagua CCI Standard Velocity, ambayo mwendo wake ulioandikwa ni futi 1,070 kwa sekunde, kama mita 326, chini ya mwendo wa sauti, kwa hiyo ile pasuko ya hewani haipo. Upande wangu nilikuwa nimejiandaa.

Sasa ubunifu. Bastola hii imefuata umbo la zile kubwa za 9 mm: slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, inaufunika mtutu toka nyuma hadi mbele. Mtutu umefungwa kwenye fremu na hausogei, kinachorudi nyuma kila risasi ni slaidi peke yake. Kwa sailensa hilo ni jambo jema sana. Kwenye 9 mm nyingi mtutu huinama kidogo slaidi inaporudi, na uzito ulioning'inia mdomoni huuzuia mwendo huo, ndiyo maana sailensa nyingi za bastola hizo huwekewa springi na pistoni ndani. Kwa .22 yenye mtutu usiosogea huhitaji vitu hivyo. Ingepaswa kuwa kazi rahisi kuliko zote.

Ugumu unakuja wakati wa kuifungua. Ili uisafishe, unaivuta slaidi nyuma, unainua sehemu yake ya nyuma, kisha unaisukuma mbele mpaka itoke kwa kuupita mtutu mzima. Yaani chochote kilicho mdomoni lazima kipenye kwenye tundu la mbele la slaidi. Na sailensa za .22 huku Marekani, kwa kawaida, zina hesi ya nusu inchi yenye nyuzi 28 kwa kila inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Tundu la slaidi yangu ni milimita 11. Basi wabunifu wakakata mdomoni hesi nyembamba ya M9, yaani upana wa milimita 9, na umbali wa uzi hadi uzi milimita 0.75, kisha wakaweka adapta juu yake: ndani M9, nje nusu inchi.

Hebu tupige hesabu. Risasi ya .22 ina upana wa milimita 5.7 hivi. Ukitoa tundu hilo kwenye mtutu wa milimita 9, ukuta unabaki milimita 1.65 kila upande. Ukishakata hesi, chini ya mfereo unabaki na kama 1.2. Kwenye nusu inchi ungebaki na karibu 3. Hiyo 1.2 inatosha kuhimili mgandamizo wa .22, sina wasiwasi kwamba itapasuka. Wasiwasi wangu ni kwamba ndicho kijipande cha chuma kinachobeba kitu cha urefu wa milimita 130 kilichoning'inia mbele, na ndicho unachokifunga na kukifungua kila wiki.

Halafu vifungo sasa ni viwili mahali pa kimoja. Ukikaza sailensa kwa mkono, nguvu ileile inapita kwenye hesi zote mbili. Ile nyembamba inashika kwa udhaifu zaidi, kwa kuwa msuguano wake uko karibu na kitovu, kama spana yenye mpini mfupi. Kwa hiyo inayoachia kwanza ni ya ndani, usiyoiona. Ukiitazama kwa nje, sailensa na adapta vimekumbatiana vizuri, unaridhika. Kumbe adapta ndiyo inayojizungusha polepole juu ya mtutu, risasi baada ya risasi. Na jioni ukitaka kuvua sailensa, adapta inatoka nayo, imeng'ang'ania ndani kwa masizi na vumbi la madini ya risasi. Kuitoa humo ni vita, kwa sababu waliichonga mviringo mtupu. Haina hata bapa mbili za kushikia spana! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeletea mwalimu wangu wa Chang'ombe kitu kama hicho angerudishwa mashineni.

Jumatatu yake nikaichukua ile adapta peke yake hadi kazini, nikaiweka kwenye saa ya kupimia, kifaa chenye mshale kinachoonyesha kama uso umeinama. Uso wake wa mbele, ule ambao sailensa inauegemea, haukuwa wa pembe mraba na hesi ya ndani, ulikuwa umeinama kidogo. Tofauti ilikuwa milimita 0.05 kutoka ukingo hadi ukingo, nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Mtu atasema hiyo ni nini? Ni kwamba pembe hiyo ndogo inakua kadiri unavyokwenda mbele. Kwenye sailensa ya milimita 130 inakuwa nusu milimita mwishoni. Tundu la sailensa yangu ni milimita 6.9, risasi ni 5.7, nafasi kila upande ni 0.6. Kwa hiyo hata ikiwa imekazwa barabara, nilikuwa napiga nikiwa na sehemu moja ya kumi ya milimita kabla ya risasi kugusa chuma. Ilipolegea kidogo tu, ikagusa. Bega la mtutu ambalo adapta inaliegemea nalo lina upana usiofika milimita moja, hakuna cha kuisaidia ikae wima.

Niliwaandikia waliotengeneza, nikaambatanisha picha na vipimo. Siku ya tisa jibu likaja: kaza kwa mkono, kagua kila baada ya magazini moja. Magazini inabeba risasi kumi. Risasi mia mbili ni kukagua mara ishirini, kila mara kwa kushika chuma cha moto kwenye mdomo wa silaha, na niliwaeleza kwamba anayejifunza nayo ni mtoto. Jibu la pili halikuja. Liliniumiza hilo kuliko hata ule mchubuko, kwa sababu sikuomba kurudishiwa pesa, niliomba waitazame michoro yao upya.

Nikajaribu ya kwangu. Nilianza na oringi, pete ya mpira, nyuma ya adapta. Kulegea kulipungua, lakini sasa adapta ilikuwa imekalia mpira badala ya chuma, na kitu kilichokalia mpira hakiwezi kuwa wima, kwa hiyo nikaiondoa siku hiyohiyo. Gundi ya bolti, ile dhaifu, ilishika vizuri mno. Ila gundi ikishakauka slaidi haitoki mpaka uing'oe adapta isiyo na pa kushikia spana, na .22 ni chafu, nta na masizi yake yanataka usafi kila baada ya risasi mia kadhaa. Mwishowe nikachonga adapta yangu, uso na hesi vyote kwa mshiko mmoja wa mashine, na bapa za spana ya milimita 11. Hiyo imetulia. Lakini bado lazima niivue kila ninaposafisha, na kila nikiirudisha, kwenye mita 15 shabaha inahama karibu sentimita nne, safari hii chini, safari ijayo kulia. Ninarekebisha kilengeo upya kila mara, risasi ishirini zinakwenda kwa kazi hiyo tu.

Nilifunga pia kompensata, kifaa cha mdomoni kinachoelekeza gesi juu ili mdomo usiinuke, kwa mashindano ya sahani za chuma. Kwa .22 gesi ni kidogo, sikuona tofauti ya maana, na ilikuwa inalegea vilevile.

Nisiifanyie bastola dhuluma. Kifyatulio chake ni laini, magazini zake hazikwami, na bila kitu mdomoni inapiga sawasawa. Mwenye nia ya kupiga tu na kwenda nyumbani ataipenda. Tatizo ni kwamba mimi nililipia hesi.

Shemeji yeye ana Ruger 22/45 Lite, na ndiyo iliyonifumbua macho. Ruger ilianza mwaka 1949 na bastola ya .22 ambayo haina slaidi ya kufunika mtutu: kinachorudi nyuma ni bolti, kipande cha chuma kilicho ndani ya bomba, na mtutu umesimama mbele peke yake, hakuna kinachopita juu yake. Browning Buck Mark nayo slaidi yake ni fupi, imeishia nyuma. Kwa mpangilio huo mdomo unaweza kuwa mnene unavyotaka. Ya shemeji imekatwa hesi ya nusu inchi palepale mdomoni, hakuna adapta, na bega ni pana. Toleo la Ruger hizo liitwalo Mark IV, lililotoka 2016, linafunguka kwa kubonyeza kitufe kilicho nyuma, sehemu ya juu inainuka yote. Tulifunga sailensa yangu, baada ya kubadilishiwa kifuniko, tukapiga risasi mia tatu. Haikusogea.

Sasa utasema basi bastola za slaidi hazina budi, umbo lake ndilo hilo. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipoipima. Pua ya slaidi yangu ina upana wa milimita 24. Lile tundu la 11 likipanuliwa hadi 13.2, nusu inchi inapita, na kuta za pembeni zinabaki milimita 5.4 kila upande. Juu ya tundu kuna milimita 4, ingebaki karibu 2.9. Nafasi ilikuwepo. Ninavyoona mimi, bastola ilichorwa kwanza bila hesi, na walipoona wateja wanazitaka wakapachika adapta badala ya kuichora upya slaidi na mtutu. Walituuzia kiraka kwa bei ya nguo mpya.

Ukienda dukani, mwombe muuzaji afungue ile kofia inayofunika hesi mbele yako. Ikitoka na kipande kingine ndani yake, au hesi iliyobaki mdomoni ikawa nyembamba kuliko nusu inchi, umeshaijua. Muulize pia kama slaidi inatoka hesi ikiwa imevaa kitu. Mimi nilimuuliza hivyo muuzaji mwezi uliopita, bastola ya kampuni nyingine, akajaribu mwenyewe pale kaunta, ikakwama.

Binti yangu sasa anajifunza na ile ya mjomba wake. Jumamosi iliyopita alipiga magazini tatu macho wazi, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake mikono mifukoni, sina spana.